La Peña Kimya

Septemba 4, Jumatatu

Mvua imeanza kwa adabu, kama mgeni anayepiga hodi. Baada ya wiki tatu itakuwa imelala kitandani kwetu.

Mwaka huu nitaandika, kwa sababu mwaka jana meya alipodai kwamba sikumwambia jambo fulani, sikuwa na karatasi ya kumpiga nayo usoni. Basi: mimi ni Herlinda Pavón, nilifundisha historia miaka ishirini na mitatu hadi waliponifukuza kwa ule mgomo wa walimu, na sasa nakaa kwenye chumba nyuma ya ukumbi wa manispaa ya San Lázaro nikitazama kompyuta. Kompyuta inapokea vipimo vya mto Ulapa kutoka kwa wapima mto wanne. Kila mmoja ana nguzo iliyopakwa rangi majini na simu ya manispaa. Mara tatu kwa siku anaandika kina cha maji na kubonyeza "tuma". Kina kikizidi mita sita, king'ora cha Bordo Bajo, kitongoji cha bondeni kando ya mto, kinalia chenyewe, bila mkono wa mtu, na aliyetuma anarudishiwa maneno mawili: king'ora kimewashwa.

Kituo cha juu kabisa ni La Peña, kwa Mama Tránsito Amaya. Maji yakipita kwake huchukua saa tatu kufika Bordo Bajo. Kituo kinachofuata, El Tablón, kinatupa chini ya nusu saa. Kwa hiyo macho yetu ni La Peña. Vingine vyote ni miwani.

Septemba 5

Mvua kidogo. La Peña mita 1.9.

Septemba 8, Ijumaa

Nolvia, ninayefanya naye kazi, anaishi Bordo Bajo, hatua mia mbili kutoka tuta la mto, na baba yake, Mzee Cruz Bonilla. Leo mzee alikuja na ndizi za kupika na ulimi wake.

"Mwalimu, Jumapili umemtukana nani? Betri ya redio iliniishia katikati ya matusi."

"Wezi wa simu, mzee."

"Tena? Hao wezi wakistaafu utakula nini?"

Nolvia akamwambia aache utani, msimu umefika, leo aanze kulala na viatu mlangoni. Mzee ana nyonga mbovu tangu alipoanguka kutoka kwenye lori la ndizi.

"Mimi hesabu yangu rahisi," akasema. "Nipe saa tatu, utanikuta kilimani nimeshachemsha kahawa. Nipe nusu saa, utanikuta mlangoni natafuta fimbo."

Tulicheka. Aliacha ndizi kumi na nne.

Septemba 10, Jumapili

Kipindi changu redioni, saa moja kamili, kama kila Jumapili kwa miaka miwili. Mada: wezi. Kila nyumba hapa imeguswa. Kijana aliyeko gerezani anampigia mjane, anajifanya mtu wa kampuni ya simu, anamwambia "mama, utapata ujumbe, bonyeza kubali, weka namba nne za siri". Mjane anaweka, na jioni ndugu zake wote wanaombwa pesa kwa jina lake. Polisi wanaandika maelezo. Kuandika maelezo ndiyo kazi wanayoiweza.

Kwa hiyo nimewapa watu sheria inayokaa kichwani: namba nne, mwizi mmoja. Watoto wanaiimba wakiruka kamba. Nimewaambia: hata akiwa na sauti ya padri, hata akileta barua yenye muhuri, hata akitaja jina langu. Akiomba ubonyeze kubali na uweke namba nne, kataa.

Sioni haya kusema ni kazi bora niliyopata kuifanya, kuliko darasani.

Septemba 14

Nimemwandikia meya barua ya kurasa tatu, ya pili mwaka huu, kuhusu simu za wapima mto. Zimefungwa zisipige, zisipigiwe wala zisiandike ujumbe. Zinaweza kupokea ujumbe wa mtambo tu, na kutuma kipimo. Zilifungwa kutoka huko huko mji mkuu, bila mtu kuzigusa, kwa agizo la meya, kwa sababu mpima mmoja alimpigia mwanawe Houston siku ya Krismasi. Dakika tisa. Meya huyu ana magari mawili ya manispaa yanayompeleka mkewe saluni, lakini dakika tisa za mama na mwanawe ni ufisadi.

Hakujibu ya kwanza. Hatajibu hii.

Septemba 21

Mvua. Nimekula baleada mbili, chapati zilizokunjwa na maharage. Hakuna zaidi.

Septemba 27, Jumatano

Kijana wa kampuni inayotuuzia mtandao alipiga kutoka Tegucigalpa, mji mkuu. Anaitwa Delmer Ordóñez, ana sauti ya mtu aliyepigwa pasi.

"Mwalimu Pavón, kuanzia Jumatatu tunabadilisha jina la lango ambalo simu zenu zinapitia kuingia mtandaoni. Msisumbuke, mipangilio mipya tutaituma sisi kutoka huku, inaingia kwenye simu yenyewe."

"Inaingia yenyewe kabisa?"

"Karibu kabisa. Mwenye simu ataona ujumbe. Atabonyeza kubali, ataweka namba ya siri."

"Namba ngapi, kijana?"

"Nne tu, mama."

Nilimwomba arudie, nikitumaini amekosea. Akarudia. Nikamwambia yeye na kampuni yake wamekaa mezani na wezi, wakakubaliana watumie mlango mmoja. Akasema ndivyo simu hizo zilivyotengenezwa, si yeye. Ndivyo wasemavyo wote. Katika historia nzima sijakutana na mtu aliyetengeneza kitu.

Septemba 28

Daraja la El Tablón limekatika. Kwenda La Peña sasa ni kwa miguu, saa nne, ukijua njia.

Oktoba 2, Jumatatu

Asubuhi vituo vyote vinne kimya. Delmer alituma mipangilio saa mbili. Hakuna aliyekubali.

Nolvia alikodi bodaboda akaenda vituo viwili vya chini, akabonyeza mwenyewe. Mpima mmoja alimnyang'anya simu kwanza. "Dada, mwalimu amekataza." Ilibidi Nolvia amwapie kwa Bikira.

La Peña kimya.

Oktoba 3

El Tablón imekubali. Nolvia alivuka kwa kamba hadi ng'ambo, akarudi na tope hadi kifuani. Hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

La Peña kimya.

Oktoba 4

Delmer ametuma La Peña mara tatu. Kwenye mtambo wake anaona: umefika, umekataliwa. Umefika, umekataliwa.

"Huyo mama ni mkaidi, mwalimu."

"Huyo mama ana akili kuliko wewe."

"Sibishi. Lakini ana redio?"

Nilijua anakoelekea, nikakata simu.

Oktoba 6, Ijumaa

Alipiga tena, kabla sijanywa kahawa.

"Mama, naomba usikate. Sentensi moja tu, Jumapili. 'Mama Tránsito, ujumbe wa kampuni ni wa kweli, kubali, namba ni hii.' Sisi hawatuamini. Wewe wanakuamini."

"Na nikitangaza namba redioni, kila mwizi wa bonde hili ataisikia."

"Namba ni ya simu ile moja. Haimfai mwizi."

"Lakini sauti yangu itamfaa. Jumatatu atampigia mjane, atasema: mwalimu mwenyewe alisema siku hizi ni sawa."

Akasema ataendelea kutuma tu. Ninaiandika hoja hii kama nilivyoitoa kwa sababu ni ya kweli, na mpaka sasa sijaona mtu wa kuivunja. Miaka miwili nimejenga ukuta mmoja tu, na hawa wanataka nitoboe tundu kwa sababu wao walikuwa wavivu wa kutengeneza mlango.

La Peña kimya.

Oktoba 8, Jumapili

Kipindi. Dakika arobaini niliichana kampuni bila kuitaja jina, na kila mtu alijua. Nikaeleza jinsi ujumbe wa mwaminifu na wa mwizi unavyofanana kama mapacha, na kwamba anayelaumiwa daima ni mjane asiyeweza kuwatofautisha. Msimamizi wa mitambo alinyoosha kidole gumba nyuma ya kioo.

Ile sentensi nilikuwa nayo kwenye karatasi. Sikuisoma.

Nolvia hakunipongeza leo. Alisema tu: "Mama Tránsito alikuwa anasikiliza."

"Najua."

"Basi alisikia tena kwamba asikubali."

Oktoba 10

Mvua siku nzima. Meya amekataa kutoa nyumbu wa manispaa anipandishe La Peña. Nilisema nitapanda kwa miguu kesho. La Peña kimya.

Oktoba 11

Goti. La Peña kimya.

Oktoba 12, Alhamisi

Nimepata njia isiyonilazimisha kumeza maneno yangu. Nimemwandikia Mama Tránsito barua kwa mashine ya ofisi, yenye muhuri wa manispaa: akubali ujumbe ujao, namba ni 4471. Nimempa mnunuzi wa kahawa anayepanda huko na punda. Delmer ataendelea kutuma kila asubuhi.

Nimelala mchana kwa mara ya kwanza wiki hii.

Oktoba 15, Jumapili

Nilikuwa nimeamua kuisoma ile sentensi hata hivyo. Nilikuwa nayo mkononi. Kisha mwanamke wa Agua Fría akapiga simu studio, akasema tangu nianze hakuna aliyeibiwa kitongojini kwao, hata mmoja, na mama yake kabla ya kufa alikuwa akiniombea kwa jina. Alilia hewani.

Ungesoma wewe?

Barua imeshafika, nilijiambia. Nikazungumzia bei ya mbolea.

Oktoba 17

La Peña kimya. Huenda punda amechelewa.

Oktoba 18

La Peña kimya. Bondeni jua limetoka, watu wameanika magodoro.

Oktoba 21, Jumamosi

Nitaandika kwa mpangilio, kama nilivyowafundisha watoto: kwanza kilichotokea, kisha sababu.

Alhamisi tarehe kumi na tisa San Lázaro ilikuwa na jua kali. Mvua ilikuwa milimani, nyuma ya mgongo wa La Peña, ambako hatuoni. Nolvia alikuwa anakuna nazi kwa ajili ya mkate. Saa tano na dakika tano kompyuta ikalia: El Tablón, mita 6.8. King'ora cha Bordo Bajo kikawaka chenyewe, kama kilivyopangwa. Nolvia aliangusha nazi, akatoka mbio bila viatu. Maji yalifika saa tano na nusu. Dakika ishirini na tano.

Watu mia tatu walikimbia na karibu wote walifika kilimani. Nyumba arobaini na moja zimekwenda. Mzee Cruz Bonilla alionekana na majirani akitoka mlangoni na fimbo. Walimwita. Aliwapungia mkono watangulie, akawaambia: "Nendeni, mimi nakuja kwa mwendo wangu." Njia ya kilimani inapita juu ya tuta, na tuta lilikatika akiwa juu yake. Tulimpata jana asubuhi kwenye waya wa shamba la migomba, kilomita mbili chini. Fimbo hatujaipata.

Tumemzika leo. Meya alikuja na hotuba na mpiga picha. Akasema mto hauna huruma. Nilikuwa na karatasi ya kumpiga nayo usoni, kurasa sita za barua zangu mbili, na sikuwa na mkono wa kuinua, kwa sababu mto ulikuwa na huruma ya saa tatu nzima. Sisi ndio tulioinyima.

Na sasa sababu.

Jana saa kumi jioni, mlango wa ofisi ulifunguka, akaingia Mama Tránsito. Ana miaka sabini na mmoja. Alikuwa na tope hadi kwenye nywele, na amefunga kiatu kimoja kwa kamba ya mgomba. Alitembea siku nzima na nusu kwa sababu vijito vilikuwa vimekata njia.

"Mwalimu," akasema kabla hajakaa, "jana asubuhi saa mbili na nusu nilipima sita na nusu. Nilituma. Halikurudi neno la king'ora. Nikatuma tena. Nikangoja, nikaona hapana, nikashuka mwenyewe. Nimewahi?"

Alitazama kiti cha Nolvia, hakina mtu, akaelewa kitu, akaketi chini sakafuni.

Nilimuuliza kuhusu ujumbe. Uso wake ukafunguka; maskini, alidhani namuuliza kwa kumsifu.

"Wale wezi? Wamenijaribu kila siku, mwalimu. Kila asubuhi, kubali, kubali. Nimekataa mara kumi na sita, nimeandika kwenye ukuta kwa mkaa. Tena wamekuwa wajanja, walileta hadi barua yenye muhuri, na jina lako chini. Namba nne humo ndani. Nikamwambia yule wa kahawa, shika adabu yako, wewe ni baba wa watoto. Nikaichoma mbele yake."

"Barua ilikuwa yangu, Mama Tránsito."

"Haikuwa na mwandiko wako," akasema. "Na Jumapili hukusema."

"Sikusema."

"Mimi nilikaa na redio sikioni Jumapili zote mbili. Nikawaambia wajukuu, kama ingekuwa kweli, mwalimu angesema."

Nikamwomba simu. Hakuja nayo. Iko juu, kwenye mfuko wa plastiki, kwenye msumari. "Simu ya mto haiondoki mtoni. Wewe ndiye uliyetuandikia sheria hiyo."

Oktoba 22, Jumapili

Kipindi kilirushwa bila mimi. Waliweka marimba.

Oktoba 24

Delmer alipiga. Nilitarajia aseme "nilikuambia". Nilikuwa nimeandaa tusi la kumjibu. Alisema ameomba ruhusa aje mwenyewe na bosi amekataa mara mbili, mara ya kwanza ikiwa tarehe tano. Hakuniambia wakati ule. "Niliona utanicheka, mwalimu." Kisha akauliza jina kamili la mzee, ili mama yake amwombee misa.

Mwezi mzima nilimwita kasuku moyoni.

Oktoba 30

Njia ya La Peña imefunikwa na maporomoko. Mama Tránsito amelala kwangu siku kumi. Anafagia kabla sijaamka. Hatuzungumzii jambo lile. La Peña kimya, na safari hii hata nguzo haina wa kuitazama.

Novemba 3

Nolvia amerudi kazini. Alikaa kwenye kiti chake, akafungua kompyuta, akasema: "Nani anaingiza vipimo vya El Tablón siku hizi? Vimekosewa." Akavirekebisha.

Kabla ya kuondoka aliniuliza: "Ile karatasi ya sentensi moja unayo bado?"

"Ninayo."

"Usiitupe."

Sijui kama ni adhabu au ni nini. Sitaitupa.

Novemba 11, Jumamosi

Njia imefunguliwa jana. Leo alfajiri nilipanda na Mama Tránsito, na goti lile lile. Lilifika. Lingefika na tarehe kumi na moja ya Oktoba.

Simu ilikuwa kwenye msumari wake. Ukutani, mistari kumi na sita ya mkaa, imepangwa vizuri kama ya mfungwa. Delmer alikuwa ameahidi kutuma saa nne kamili asubuhi, na saa nne kamili ujumbe ukaingia. Nikampa Mama Tránsito simu.

Akairudisha mkononi mwangu. "Bonyeza wewe. Kidole changu kimeshajifunza."

Nilibonyeza kubali. Nikaweka nne, nne, saba, moja. Ilichukua muda wa kumeza mate. Kisha simu ikaanza kutetemeka mkononi mwangu na haikuacha.

Sikuelewa mara moja. Mama Tránsito ndiye aliyeelewa, akiwa na kichwa chake karibu na changu. Tangu tarehe mbili Oktoba alikuwa akipima asubuhi, adhuhuri na jioni na kubonyeza "tuma", kila siku, bila kukosa, na vipimo vyote vilikuwa vimekaa humo ndani vikingoja lango. Sasa vilikuwa vinatoka, kimoja baada ya kingine, kwa foleni. Mita 2.1. Mita 2.3. Mita 1.8. Hamsini na moja vikapita. Kisha mita 6.5, na mara tena mita 6.5. Kompyuta ya San Lázaro haisomi tarehe, inasoma kina. Kioo kikaandika maneno mawili tuliyoyangoja wiki tatu:

King'ora kimewashwa.

Mama Tránsito alijiziba mdomo kwa kitambaa akatoka nje.

Simu ile haipigi. Yangu haina mtandao huko juu. Chini kule jua lilikuwa limewaka, watu wa Bordo Bajo walikuwa wanapigilia mabati mapya, na mimi na Mama Tránsito tulikuwa watu pekee nchini tuliojua kwamba mto unaowakimbiza umeshapita. Nilianza kushuka. Nilianguka mara mbili. Nilikuwa napanga maneno njiani, ni tabia, nilipanga hotuba nzima juu ya meya na kampuni na wanaotengeneza vitu kisha wakasema si wao, na yote ilikuwa kweli, na nilipofika El Tablón sikuwa nakumbuka hata moja.

Nilifika Bordo Bajo saa saba na nusu. Walikuwa bado kilimani wote, na magodoro, kuku, watoto, sufuria. Hakuna aliyethubutu kushuka. Mtoto mmoja alinyoosha kidole: "Mwalimu huyo. Atasema kama ni kweli."

Nikasema. Nilisimama mbele yao nikasema si kweli, mto umelala, king'ora kimelia kwa kipimo cha tarehe kumi na tisa, kilichochelewa kwa sababu mimi sikutaka kusema sentensi moja redioni. Nikaitoa karatasi nikaisoma, ingawa Mama Tránsito hakuwepo wa kuisikia. Nikawaambia kesho nitaisoma redioni, na watakaoniuliza wamwamini nani sina jibu. Walianza kukunja magodoro.

Nolvia alikuwa ameketi pembeni, kwenye jiwe, mbele ya moto mdogo wa vijiti. Juu yake sufuria ya kahawa. Alinimiminia kikombe, akanisogezea.

"King'ora kililia saa nne na dakika tatu," akasema. "Nimepanda polepole, mwalimu. Mwendo wa mzee, kwa makusudi, nikisimama kila mahali alipozoea kusimama. Nimefika saa tano kasoro kumi."

Akatazama kahawa, ile ya hesabu ya baba yake ya saa tatu.

"Ilikuwa imeshachemka saa tano na robo."